Haya tunayoaminishana kuhusu presha

"Mimi mwili wangu naujua, presha ikipanda naisikia." Hii nianze nayo manake ndo imeondoka na watu wengi. Mtu anangoja kisogo kiume, moyo uende mbio, asikie kizunguzungu, ndo aamini ana presha, na siku asiposikia hivo anajihesabu mzima. Jamani siyo. Presha ya juu kwa watu wengi haitoi dalili yoyote, mtu analala vizuri, anakula, anaenda shamba, anapiga stori barazani na presha yake iko 180. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2021 kwamba watu wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ni zaidi ya bilioni 1.2, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Na hicho kichwa kinachouma kinaweza kuwa malaria, usingizi mdogo au macho yanahitaji miwani. Cha kukwambia ukweli hapa ni mashine peke yake.

Ila na mashine nayo ina masharti yake, mtu ameshuka kwenye bodaboda, amepanda ngazi mbio, amekunywa kahawa, mkojo umembana, anawekewa mkanda juu ya sweta huku anaongea na simu, hapo namba itakayosoma siyo yake. Kaa kimya kama dakika tano, egemea kiti, miguu ikanyage chini usiikunje nne, mkono uwe wazi na uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, na ikarudia hivo siku nyingine, hapo ndo tunasema presha. Kipimo kimoja cha kukurupuka kisikutishe lakini pia kisikufanye ukimbie, rudi upime tena. Isipokuwa namba ikifika kama 180 kwa 120 na unaumwa kifua, unahema kwa shida au macho hayaoni vizuri, hiyo usisubiri siku nyingine, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu kuna hii ya presha ya kupanda na presha ya kushuka, kama vile ni magonjwa mawili na kila mtu amegawiwa lake. Dada kapima kakuta 100 kwa 60, kaambiwa na jirani una presha ya kushuka, kuanzia hapo anakunywa soda na chai ya chumvi kila siku. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye afya, hasa wasichana na wanaofanya kazi za nguvu, wanasoma hivo siku zote na hawana ugonjwa wowote. Presha ikishuka kweli mpaka mtu anaanguka kunakuwa na sababu, amepungukiwa maji kwa kuharisha, anatoka damu, ana maambukizi makali, au dawa anazotumia zimezidi. Hiyo inatafutiwa sababu hospitali, haitibiwi na chumvi. Nachukia kuona binti wa miaka 22 anazoeshwa chumvi nyingi kwa ajili ya ugonjwa ambao hana.

Wengine wanasema presha inaletwa na mawazo, na ndo maana mzee akiwa nayo anafichwa misiba yote. Mshtuko unaipandisha kweli, ila kwa muda, ukitulia nayo inashuka. Ile inayokaa mwilini miaka ina mizizi mingine: ukoo, umri, uzito, chumvi, pombe, kukaa kutwa nzima bila kutembea. Maisha yenyewe tunayoishi yana mchango mkubwa. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia wagonjwa wa kiharusi Tanzania sehemu mbili, vijijini wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na mjini Dar es Salaam, wakakuta ukilinganisha umri kwa umri Dar kiharusi kilikuwa karibu mara tatu ya Hai. Na presha ndo kisababishi kikubwa cha kiharusi. Na yule anayesema huu ni ugonjwa wa wanene wenye hela asijidanganye, wembamba wanao, mama ntilie wanao, makondakta wanao, na vijana wa miaka 30 wanao.

Sasa chumvi. Hapa pana maneno mengi kweli. Kuna imani imeshika sana kwamba chumvi mbaya ni ile mbichi unayonyunyizia mezani, ila ikishapikwa kwenye mchuzi haina madhara. Chumvi ikichemka haiendi popote, iko humo humo kwenye sufuria na yote unaila. Wengine wanabadilisha wananunua chumvi ya mawe au ile ya rangi ya pinki ya bei kubwa wakiamini hiyo haipandishi presha, nayo ni ile ile. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ukihesabu unashangaa, asubuhi mkate (una chumvi), supu ukaongezea, mchana wali na mchuzi wenye vile vidonge vya kuongeza ladha ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, jioni chipsi zimemwagiwa, na kama uko pwani ng'onda na achari pembeni. Hujagusa kichupa cha mezani na umeshapita. Cha kufanya ni kupunguza kidogo kidogo, wiki chache tu ulimi unazoea, limao, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinabeba ladha vizuri tu. Kuna pia chumvi ambazo sehemu ya sodiamu, ile inayopandisha presha, imebadilishwa ikawekwa madini mengine yanayoitwa potasiamu, China walizijaribu kwa watu karibu elfu 21 vijijini kwa miaka kama mitano, matokeo yakatoka 2021, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Ila mwenye shida ya figo asiziguse bila kumuuliza dokta, na wapo pia wanaotumia dawa ambazo haziendani nazo.

Kwenye dawa ndo napata uchungu zaidi. Mtu anaanza dawa, presha inasoma 128 kwa 80, anafurahi anasema nimepona, anaziacha. Hujapona ndugu yangu, hiyo 128 imeletwa na dawa. Ukiacha inarudi juu kimya kimya na wewe husikii, miezi inapita, unakuja kushtuka mkono haunyanyuki. Wanaofanikiwa kupunguziwa dawa au kuachishwa wapo, hasa waliopungua uzito sana na kubadili chakula, lakini dokta anafanya hivo huku anawapima.

Na wanaoziogopa mwanzo kabisa wanasema zinaharibu figo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtu amekaa na presha miaka kumi bila kutibiwa, presha ndo imetafuna mishipa midogo ya figo, anakuja kuanza dawa wakati figo zimeshachoka, miezi michache baadaye anaingia kwenye kusafishwa damu mara tatu kwa wiki na mtaa mzima unasema dawa zimemuua. Lawama inaenda kwa dawa wakati mharibifu ni presha. Hofu ya nguvu za kiume nayo ni hivo hivo, presha yenyewe inaziba mishipa, ni kweli baadhi ya dawa zinachangia, ila aina ziko nyingi. Amlodipini ikikuvimbisha miguu, kaptopili ikikuletea kikohozi kikavu, rudi useme ubadilishiwe, usizitupe. Angalia pia dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni watu wanameza kila siku kwa ajili ya mgongo na zinapandisha presha.

Kitunguu saumu na rozela tumia kama chakula, ni vizuri, lakini visichukue nafasi ya vidonge. 2011 tuliona nchi nzima na majirani wanapanda magari kwenda Samunge, Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, ya miti shamba, kwa shilingi 500 kwa ajili ya magonjwa sugu, na magonjwa yale bado tunayo.

Mjamzito kichwa kikimuuma sana, akivimba uso na mikono, akiona maluweluwe, asiambiwe ni mimba tu, apelekwe akapimwe presha siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba kinaanzia hapo, na akianza kutetemeka siyo mashetani.

Na mtu akiamka mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri, usimpeleke kwa mganga wala usimchome sindano vidoleni, na usimnyweshe kitu chochote, hata dawa yake ya presha, anaweza kupaliwa na kushusha presha ghafla wakati huo kunaweza kumwongezea madhara kwenye ubongo. Kumbuka ni saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima, manake hospitali zenye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda wanaitoa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo. Hata kama hiyo dawa haipo karibu na kwenu mpeleke hivo hivo haraka, na dawa zake zote alizokuwa anatumia zitie kwenye mfuko uende nazo.