Je, Wajua? Kwa Nini Vanishi ya Ndani ya Mashua Hubanduka Ilhali Haipigwi na Jua

Vanishi ya nje ya mashua, adui yake anajulikana: ni jua. Mionzi ya urujuanimno hupenya hadi kwenye mbao, ikazila nyuzi za juu, na vanishi ikakosa pa kushikia. Ndani hakuna jua kali. Mbona basi huko nako unakuta vanishi imeinuka magamba, au imepata weupe kama wa maziwa kuzunguka skrubu?

Ni maji, na mara nyingi hayaingilii mbele unapopaona. Huja kwa nyuma.

Ubao ni mirija iliyolala pamoja. Pale ulipokatwa kichwani, mirija yote iko wazi, na hapo hunyonya maji upesi kuliko usoni. Nayo hewa ya ndani ya mashua haikosi unyevu: pumzi za waliolala, mvuke wa sufuria, maji yaliyotuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua. Ubao ukinywa huvimba kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki, ukikauka, husinyaa. Vanishi iliyo juu yake huvutwa huku na huku mpaka iachie.

Ndiyo maana fundi makini hupaka vichwa na mgongo wa ubao kabla hajaufunga mahali pake. Hakuna atakayeuona mgongo huo tena. Kwangu mimi, hapo ndipo fundi anapojulikana.

Tabaka la kwanza la vanishi huchanganywa na tina, kiyeyusho cha kuipunguza uzito, hata nusu kwa nusu, liwe jepesi, lizame. Mti wenye mafuta yake, kama mtiki, hufutwa kwanza kwa asetoni, la sivyo vanishi itakaa juu ya mafuta badala ya kukaa juu ya mbao. Matabaka yanayofuata hupakwa membamba, na kila moja likishakauka hupigwa msasa laini, namba 220 au 320, kwa kufuata nyuzi. Vanishi iliyokauka inateleza kama kioo. Tabaka jipya linahitaji mikwaruzo midogo ya kung'ang'ania. Ukipiga msasa kwa kukatiza nyuzi, kila mkwaruzo utauona chini ya vanishi, umenyooka kama alama ya wembe.

Kwa nini membamba? Vanishi ya mafuta hukauka mara mbili. Kwanza tina huruka, kisha mafuta huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu. Ukiiacha ijikusanye kwenye kona, juu itafanya utando kama wa maziwa yaliyochemshwa, na oksijeni haitafika chini. Iguse kesho yake: utando unakunjamana, na ndani bado inanata.

Uvutaji huo wa oksijeni hutoa joto. Kwenye ubao joto hupotea. Kwenye matambara yenye mafuta ya kitani yaliyofinyangwa pamoja halina pa kwenda, hupanda mpaka yawake yenyewe bila kiberiti. Na mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama kwenye ngama, ambako cheche moja ya swichi inatosha kuulipua. Fungua milango na madirisha yote, usiwashe kitu, na ukimaliza kazi toa matambara nje, uyatandaze mojamoja mpaka yakauke yawe makavu na magumu.