DRS: bawa lilifunguka, injini ilibaki ileile

Juzi tulikuwa tunaangalia marudio ya mbio za langalanga za miaka michache iliyopita. Gari la nyuma likachomoka, likalipita la mbele, na jamaa aliyekaa kando yangu akapiga kelele: "Kashabonyeza DRS, injini imeongezewa nguvu!" Kauli hiyo nimeisikia kwa watazamaji, nimeisikia kwa watangazaji, na hata kwa fundi mmoja ninayemheshimu sana. Sasa naona tuiweke sawa.

Maana yenyewe ni fupi. DRS ni bawa la nyuma la gari la Formula 1 ambalo kipande chake cha juu kilifunguka dereva akibonyeza kitufe kwenye usukani. Bawa likiwa limefungwa, upepo hulikandamiza gari chini, ndiyo maana hung'ang'ania lami kwenye kona. Likifunguliwa, upepo hupenya kwenye pengo, ambalo tangu 2019 liliruhusiwa kufika milimita 85, na mwendo huongezeka kwa kilomita kumi hivi kwa saa. Katika mashindano yenyewe, dereva aliruhusiwa kulifungua kwenye sehemu zilizonyooka zilizotengwa, na pale tu alipokuwa nyuma ya mwenzake kwa chini ya sekunde moja. Akikanyaga breki, linajifunga. Lilianza 2011, likastaafu mwisho wa msimu wa 2025.

Tuje kwenye jina, maana ndiko tunakopotelea. Herufi hizo tatu ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfumo wa kupunguza ukinzani wa hewa. Neno la kushika hapo ni kupunguza. Hakuna herufi ya nguvu, hakuna herufi ya injini, wala hakuna ya kupita. Waliolipa jina walieleza hasa kinachotokea: kuna kitu kinaondolewa.

Mtazame dereva wa bodaboda asiye na abiria, barabara imenyooka. Anainama mpaka kidevu kinakaribia tangi, viwiko anavibana ndani, na pikipiki inaongeza mwendo. Hakuna aliyegusa injini. Gia ni ileile, mafuta ni yaleyale, mkono ulikuwa umeshafika mwisho. Kifua chake ndicho kilichokuwa kinazuia upepo, akakitoa njiani. Bawa la DRS lilifanya kazi hiyohiyo.

Na wala si suala la maneno tu. Kama DRS ingekuwa inaongeza nguvu, ingesaidia kwa kiasi kinachokaribiana kila mahali. Haikuwa hivyo. Kule Monza, Italia, timu huweka mabawa membamba tangu mwanzo kwa sababu njia zake ni ndefu na zimenyooka, na ndiyo maana pale faida ya kulifungua bawa ilikuwa ndogo: ukinzani wa kupunguza ulikuwa mdogo. Kisha kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne. Gari linapojivuta kutoka kwenye kona kali, kulifungua bawa hakulisaidii sana. Likipita kilomita 280 kwa saa, ndipo unaona tofauti.

Ushahidi mwingine uko Suzuka, Japani, mazoezi ya Aprili 2025. Jack Doohan aliingia kona ya kwanza bawa likiwa bado wazi. Sehemu ya nyuma ya gari lake haikuwa na mkandamizo wa kuishikilia chini, ikamponyoka, akagonga ukuta vibaya. Kilichomwangusha ni kile alichokosa.

Nadhani nalijua chimbuko la mkanganyiko huu. Mwaka ule wa 2011 DRS ilipoingia, ndipo na KERS iliporudi, mfumo uliohifadhi nishati ya breki na kuirudisha kama nguvu za farasi 80 hivi kwa sekunde zisizofika 7 kila mzunguko. Dereva akawa na vitufe viwili, na mara nyingi alivitumia vyote kwenye njia moja. Kimoja kiliongeza, kingine kilipunguza, na sisi tuliokuwa mbele ya televisheni tukavipa vyote jina moja. Mtu hawezi kulaumiwa kwa hilo. Ila umepita muda mrefu.

Wapo pia wanaosema DRS ni silaha ya anayeshambulia. Kanuni haikuuliza unashambulia au unashambuliwa. Iliuliza kama uko ndani ya sekunde moja. Singapore, Septemba 2023, Carlos Sainz alikuwa anaongoza na Ferrari yake, nyuma yake Lando Norris wa McLaren, na nyuma yao Mercedes mbili za George Russell na Lewis Hamilton zenye matairi mapya zaidi. Sainz akapunguza mwendo makusudi ili Norris asibaki nyuma zaidi ya sekunde moja. Norris akawa anafungua bawa kila mzunguko, si ili ampite Sainz, bali ili Russell asimpite yeye. Russell akagonga ukuta kwenye mzunguko wa mwisho, Sainz akashinda. Sijaona matumizi ya akili zaidi ya bawa lile, na hakuna aliyempita mtu kwa hilo.

Kuanzia 2026 mambo yamegeuka. Mabawa ya mbele na ya nyuma yanafunguka kwenye njia zilizonyooka kwa kila gari, awe na mtu mbele yake au hana. Anayemfukuza mwenzake ndani ya sekunde moja sasa anapewa nishati ya ziada ya umeme. Kwa huyo, ndugu yangu, ukisema ameongezewa nguvu uko sahihi kabisa, na nitaitikia. Lakini tukiwasha tena marudio ya 2023, Norris akilikaribia gari la Sainz na kile kipande cha juu kikalala, sema tu: amefungua bawa.