Nani alimpa mamlaka hayo? Ukiukwaji wa sheria kama sababu ya mapitio ya mahakama

Mtu akinijia na barua ya kufutiwa hatimiliki ya kiwanja chake hapa Moshi, siulizi kwanza kama ameonewa. Nauliza nani kasaini, na kwa kifungu kipi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, imempa Rais mamlaka ya kufuta miliki, baada ya Kamishna wa Ardhi kutoa ilani na kupeleka mapendekezo. Ofisa ardhi wa halmashauri akiandika "hati yako imefutwa", barua hiyo haina nguvu kisheria, hata kama mwenye kiwanja kweli anadaiwa kodi ya pango la ardhi miaka kumi.

Huo ndio ukiukwaji wa sheria, mojawapo ya sababu za kuomba mapitio ya mahakama, yaani Mahakama Kuu kukagua kama uamuzi wa chombo cha umma ulifuata sheria. Hutokea pia chombo kinapovuka mipaka ya mamlaka kiliyo nayo, kinapoyatumia kwa lengo ambalo Bunge halikukusudia, au kinaposoma vibaya sheria yake chenyewe. Unaofichika kuliko wote ni ule wa mwenye mamlaka kusaini tu alichoelekezwa na mwingine, ilhali sheria ilimtaka apime na kuamua mwenyewe. Huo utafute kwenye mihtasari ya vikao. Mahakama haipimi kama uamuzi ulikuwa mzuri, kwa hiyo kurasa za malalamiko hazimsaidii mwombaji.

Maombi mengi hufia kwenye utaratibu. Kanuni za mapitio ya mahakama za 2014, Tangazo la Serikali Na. 324, zinatoa miezi sita tangu siku ya uamuzi kuomba Mahakama Kuu ruhusa ya kufungua maombi hayo. Ukipewa, una siku 14 tu kufungua maombi yenyewe. Inaniuma kuona watu wakiimaliza miezi hiyo kwa kuandikia ofisi moja baada ya nyingine, kwa sababu barua hizo hazisimamishi muda. Maelezo yanayoambatana na ombi la ruhusa yabebe wasifu wa mwombaji, nafuu anazoomba na sababu zake. Matukio yakae kwenye hati ya kiapo, pamoja na nakala ya uamuzi wenyewe. Sababu usiyoiandika kwenye maelezo usitegemee kuipenyeza siku ya kusikilizwa. Na kama sheria husika imeweka njia ya rufaa, anzia huko, la sivyo utaulizwa kwa nini umeiruka.

Amri ya kutengua inafuta uamuzi ule tu. Chombo kinaweza kuamua upya kikifuata sheria. Ukiona kinajiandaa kurudia kosa lilelile, omba na amri ya kuzuia katika maombi hayohayo.