Bunduki ipigayo mbali si bunduki ya Unguja

Kazi yangu ni kukagua bunduki za wenye vibali na kuzipimia shabaha, na hakuna maneno yaliyonichosha kama haya: "Nataka bunduki inayopiga mbali, yenye risasi ya kasi." Husemwa na mwenye muhogo Makunduchi, husemwa na mwenye minazi Bumbwini. Ukimuuliza kila mmoja adui yake humwona umbali gani, jibu ni kwamba nguruwe humwona hatua thelathini, na kunguru yuko juu ya mwembe wa uani. Sasa hiyo mbali anaitakia nini?

Najua inakotoka. Watu wanaangalia video za wawindaji wa Marekani, wanaona mtu amelala kifudifudi anampiga mnyama mdogo kama paka umbali wa mita mia tatu, wanaamini hiyo ndiyo bunduki ya kulindia shamba popote duniani. Wale wanawinda wanyama wa jamii ya kindi wanaochimba mashimo kwenye malisho, katika nyanda ambazo jicho linafika mpaka linachoka, na nyuma ya mnyama kuna kilima kitupu cha kuzuia risasi. Ndiyo maana wenzetu wakatengeneza risasi za kazi hiyo (namba ya mwanzo hukadiria upana wa risasi kwa inchi): .220 Swift mwaka 1935, .222 Remington mwaka 1950, .22-250 ambayo Remington ilianza kuiuza rasmi mwaka 1965, na .204 Ruger mwaka 2004. Hiyo .22-250 hurusha kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, cha gramu 3.6 kwa kasi ya mita 1,100 na ushei kwa sekunde. Ni risasi nzuri sana kwa kazi yake, na kazi yake haiko kwetu.

Kwanza angalia kichwa chenyewe. Cha kuwindia wanyama wadogo kimevikwa gamba jembamba la shaba makusudi, ili kipasuke vipande pindi kinapogusa. Mnyama wa kilo moja hufa papo hapo, na kipande hakiendelei mbele. Mpige nacho nguruwe mwitu, mwenye kilo sitini au zaidi, kwenye bega. Kitapasuka juu ya ngozi na mfupa kabla ya kufika moyoni, naye atakimbilia kichakani na jeraha bichi. Hapo ndipo wasasi huitwa na mbwa wao, na mbwa ndio wanaochanwa. Akijibu mtu, "Basi nitatia kichwa kigumu kisichopasuka," namwambia amefanya baya zaidi, kwa sababu hicho kitapita ndani ya nguruwe na kuendelea na safari.

Safari ya wapi? Hapa ndipo ninapokasirika. Unguja ina urefu wa kilomita 85 tu, na nyumba ziko kila pembe, zimejificha nyuma ya minazi. Risasi ya .30-06, ile ya kuwindia wanyama wakubwa, ikielekezwa juu hufika zaidi ya kilomita 3. Hata .22 ndogo ile, ambayo watu huichezea kama toi, huruka kilomita moja na nusu na zaidi. Upande wa mashariki ndiyo balaa kabisa, maana uwanda wote ni mawe ya matumbawe yaliyochongoka, udongo umekaa ndani ya mashimo tu. Risasi ikigonga jiwe kwa pembe ndogo inaruka kwenda isikojulikana. Anayempiga kunguru juu ya mnazi kwa raifo, yaani bunduki ya risasi moja moja, ana mbingu nyuma ya shabaha yake, na kila kilichorushwa mbinguni kitashuka juu ya paa la mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu haujabadilika, na nitaendelea kuurudia: chukua bunduki ya marisau, inayorusha punje nyingi kwa pamoja, ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikizidi mtutu ni mwembamba), ya mtutu mmoja, iliyo rahisi kusafisha kwenye hewa yetu ya chumvi. Kwa kunguru tia marisau namba 5 au 6, piga ndani ya mita thelathini. Punje hizo ndogo huishiwa nguvu upesi, zikikosa huanguka ndani ya mita mia mbili na kitu. Kwa nguruwe tumia ganda lenye donge moja la risasi la gramu 28. Linatoka kwa mita 480 hivi kwa sekunde, na pale mdomoni mwa mtutu nguvu yake inakaribia ya .30-06. Tofauti ni kwamba donge hilo zito huipoteza haraka, ingawa nalo huenda mbali, ukilikosea usidhani limekwisha hapo hapo.

Na ujenge dungu. Babu zetu walilala madunguni kulinda mpunga na muhogo, sisi tumeyaacha tunatafuta darubini za kupachika kwenye bunduki. Dungu la mita tatu linakufanya upige kwa kuelekeza mtutu chini, risasi ikikosa inazama ardhini. Shamba likiwa la maweni, jaza udongo mahali unapotarajia nguruwe apite, mwekee hapo maganda ya muhogo, na usiguse kifyatulio mpaka umwone mnyama mzima. Sauti ya kichaka kutikisika haitoshi, kwa sababu kichakani huwa mna watu wanaokata kuni.

Mengine nitayapitia haraka.

Kuna wanaosema mtutu mrefu unaongeza nguvu. Kwa .22 ndogo baruti imekwisha kuungua kabla ya sentimita arobaini, ukizidisha sana unaongeza uzito tu.

Kuna wanaochanganya maganda ya risasi ya geji tofauti mfukoni, "maadamu inaingia." Ganda la geji 20 likitiwa kwenye bunduki ya geji 12 linateleza na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mtu anadhani bunduki tupu, anatia la 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo maana geji 20 hutengenezwa za manjano, ili jicho likuonye. Geji mbili zisikae mfuko mmoja, basi.

Kuna wanaokuja kuniuliza risasi ya kima punju, kwa madai kwamba anamaliza nazi. Sitoi jibu la risasi. Kima punju hayupo popote duniani isipokuwa visiwani kwetu na analindwa kwa sheria. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliangalia minazi karibu na msitu wa Jozani na kukuta kwamba pale kima walipokula vidaka, yaani nazi changa, zaidi, mavuno ya nazi yalikuwa makubwa zaidi. Mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kukuza, na vingi hudondoka vyenyewe.

Na kunguru. Waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, enzi za Mwingereza, ili wale taka za mji. Leo wanakula mayai na vifaranga vyetu. Watu huamini ukiua watano wengine watahama. Kunguru huhama kwa siku hiyo tu. Wanaitana kwa kelele, wanaishika sura yako, kesho wakikuona umebeba hata fimbo wanapaa kabla hujaingia shambani. Bunduki inafaa kuwafukuza kwenye banda la kuku, kuwapunguza haiwezi. Kinachowapunguza ni mtego wa Malawi: kizimba kikubwa cha waya chenye mlango wa juu, ambao kunguru huushukia kwa kukunja mabawa na hawezi kupaa kutoka. Ndani huwekwa kunguru hai wachache, chakula, maji na kivuli, na wengine huja kwa kuwaona wenzao wanakula. Ukaguliwe kila siku, maji yabadilishwe, na ndege mwingine yeyote aliyeingia aachiwe siku hiyo hiyo.