Ekoturismu ni nini? Tulipime neno hili kule Idjwi

Neno hili lilitufikia Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mlango wa Kifaransa, na wengi wetu tulilisikia kwanza likitajwa pamoja na magorila wa Virunga na bei za dola. Ndiyo maana ukimuuliza kijana wa mtaa wetu wa Himbi maana yake, atakujibu kuwa ni wazungu kuja kuona wanyama. Huo ni utalii tu. Ekoturismu, au utalii wa ikolojia kama vitabu vya Kiswahili vinavyosema, ina masharti.

Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyelitunga neno hilo, mwaka 1983, ni msanifu majengo wa Meksiko, Héctor Ceballos-Lascuráin. Mwaka 1990 chama cha kimataifa cha watu wa kazi hiyo kikatoa maana ambayo bado inafuatwa: kusafiri kwa uangalifu kwenda mahali penye maumbile, kwa namna inayolinda mazingira na kuwapa wenyeji maisha bora zaidi. Mwaka 2015 wakaongeza sharti la kujifunza, kwa mgeni na kwa anayempokea pia.

Sasa tuseme boti mbili zinatoka Goma asubuhi kwenda Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Ya kwanza imebeba kreti za bia, nyama ya kuchoma iliyonunuliwa mjini, na spika kubwa. Watu wanashuka, wanaogelea, wanapiga picha mbele ya nyumba za Wambuti bila hata kuuliza jina la mtu, wanaacha chupa za plastiki ufukweni, na jioni wanarudi. Ya pili ina watu sita. Wanalala kwa wenyeji, wanakula bugali na samaki wadogo waitwao sambaza, wananunua mananasi ya hukohuko, na anayewatembeza ni mtu wa kisiwani. Zote mbili zimepita kwenye maji yaleyale na kuona milima ileile. Yenye haki ya kuitwa ekoturismu ni moja tu, na haihusiani na rangi ya kijani iliyopakwa kwenye kibao cha ofisi.

Hapo ndipo watu wanapouliza: lakini Idjwi pori liko wapi? Swali zuri. Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe, na watu wake ni zaidi ya laki mbili. Mashamba yamepanda mpaka migongoni mwa vilima. Msitu uliobaki ni mdogo, na wakimbizi wa Rwanda waliovuka ziwa mwaka 1994 nao walihitaji kuni na mahali pa kulala. Anayetafuta nyika isiyo na mtu atarudi amenuna.

Ila hiyo nyika isiyo na mtu ni wazo lenye historia yake. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha hapa kwetu mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Fikra yake ilikuwa kwamba ili mnyama apone, mwenyeji aondoke. Uhuru haukuifuta fikra hiyo: mbuga ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ilitangazwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Watwa walitolewa kwenye msitu wa babu zao. Kwa hiyo lile sharti la maisha ya wenyeji si pambo. Bila hilo, mbuga inaweza kuwa safi kabisa na bado ikawa imejengwa juu ya dhuluma.

Sharti la kujifunza linamtegemea mwongozaji, na mimi nampima kwa mahali anapoanzia hadithi. Wengi huanza na wazungu: mpaka uliopangwa Bruxelles mwaka 1910 na kukiweka kisiwa upande wa Kongo, kisha Wajerumani waliokiteka Septemba 1914, kisha Wabelgiji kukirudisha 1916. Yote ni kweli. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na ufalme wa Wahavu, na mwami (mfalme) wao Kabego aliuawa na jeshi la Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, ambaye utawala wake kisiwani haukudumu baada ya kifo chake mwaka 1895. Ukoloni ulikuta ugomvi ambao tayari ulikuwa na wenyewe.

Mwongozaji mzuri pia anajua kusoma sahani. Hao sambaza unaowala ukidhani ni samaki wa ziwa hili tangu zamani, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Kahawa nayo ni zao la enzi hizo. Kwa miaka mingi wanaume wa Idjwi waliivusha usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, na wengi walizama wakaacha wajane. Leo kuna ushirika wa wakulima unaoiuza kahawa hiyo nje kwa jina la kisiwa. Kikombe kimoja kinachonywewa pale kwa mkulima kinakufundisha kuliko saa nzima ya hotuba.

Kuna na mambo ya usalama ambayo mtu wa mbali hayajui. Kandokando ya Goma kuna mazuku, hewa nzito inayojikusanya kwenye mabonde na kuua bila harufu. Mwenyeji anajua pa kutokulaza mgeni. Na jile (jaketi) la kuokolea si la kubembelezana: Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama watu wakiona bandari ya Kituku, hapa Goma, mbele yao.

Tangu vita vifike Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wageni wa mbali ni wa kuhesabu. Basi mtalii wa kwanza wa Idjwi ni wewe wa Katindo hapa Goma au wa Kadutu kule Bukavu, na masharti yanakuhusu vilevile. Kabla ya kulipa, uliza pesa ya chumba inaingia mfuko wa nani, takataka zinarudi na nani, na mwongozaji amezaliwa wapi. Akianza hadithi yake na 1910, mkatize kwa heshima umuulize Kabego alikuwa nani.