Ndorobo wakirudi, uliza kwanza wametoka wapi

Wafugaji wa vijiji vinavyopakana na miombo, huku Sikonge na Kaliua mkoani Tabora, huniambia neno moja kuhusu ndorobo, yaani mbung'o: "Mtaalamu, hawa ndorobo wameshaizoea dawa." Siwalaumu. Mbu ndivyo walivyotuzoesha. Ila kwa ndorobo, usugu wa dawa haujathibitishwa porini mpaka leo, na uzazi wao ni sehemu ya sababu. Jike hubeba buu mmoja tumboni, humnyonyesha humohumo, na kila baada ya siku 9 au 10 hivi humwangusha chini. Buu hujifukia kwenye udongo na kukaa pupa, yaani ndani ya ganda akigeuka mdudu kamili, karibu mwezi mzima. Kwa uzazi wa taratibu hivyo, kila siku wakifa asilimia 4 tu ya majike zaidi ya kawaida, na hali hiyo ikadumu, ukoo wote hutoweka.

Sasa mbona wanarudi? Ama wapo waliosalia palepale, kwenye vichaka vya mtoni ambako vitambaa vya bluu na nyeusi vyenye dawa, vya kuwavutia na kuwaua, havikufika, ama wamehamia kutoka pori la jirani. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Jeni zinaweza.

Tunachukua miguu ya ndorobo waliohifadhiwa kwenye spiriti, tunatoa DNA na kusoma vile vipande vifupi vinavyojirudiarudia, ambavyo urefu wake hutofautiana kati ya mdudu na mdudu. Kila urefu ni aleli moja. Chota konzi moja kutoka gunia la maharage mchanganyiko: rangi za kawaida utazipata, zile adimu zitabaki guniani. Kampeni ikiwapunguza ndorobo hadi wachache, aleli adimu hupotea namna hiyo, na watoto wao huonekana ni wa ukoo uleule wa zamani, ila maskini zaidi wa aleli. Wahamiaji wao hujulikana kwa kuja na aleli ambazo hapo kijijini hazikuwahi kuonekana.

Hapa wengi hukosea, hata wenye shahada. Hupima heterozigosi peke yake, yaani kiasi cha wadudu waliobeba aleli mbili tofauti mahali pamoja pa DNA, wakaiona haijashuka, wakatangaza kwamba idadi haikupungua. Heterozigosi hushuka polepole. Idadi ya aleli ndiyo hutangulia kuanguka. Ndiyo maana nahitaji ndorobo walionaswa kabla ya dawa. Mara nyingi hakuna aliyewaweka! Bajeti ya vitambaa hupatikana, ya chupa za spiriti husahaulika.

Jibu hubadilisha matumizi ya fedha. Huko Niayes, karibu na Dakar nchini Senegal, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mbung'o wa pale wametengana kijeni na wale wa ukanda mkuu wa mbung'o ulio karibu zaidi. Kuwafuta kabisa kukawa na maana, kwa kuwa hakuna wa kuwarudisha. Unguja nako bahari ilifanya kazi hiyo: madume yaliyohasiwa kwa mionzi yalimwagwa kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa 1996. Tabora haina bahari. Pori la Ugalla linaendelea kusini kuelekea Katavi, na Glossina morsitans, aina ya ndorobo wa porini huku, hana habari na mpaka wa wilaya. Kama waliorudi ni wahamiaji, kurudia dawa kijijini ni kuchota maji kwa pakacha. Vitambaa vihamie ukingoni mwa pori na vibaki huko miaka. Kama ni masalia, zuio la ukingoni halisaidii kitu, waingie vichakani wawatafute.

Kuna jambo moja linalovuruga hesabu: magari. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea, na lori la mbao linaweza kumbeba masafa ambayo mwenyewe asingeyaruka. Mgeni mmoja mwenye aleli za mbali, akinaswa kando ya barabara, hanithibitishii uhamaji wowote. Nataka kuona aleli zake kwa watoto waliozaliwa hapo, kwenye mitego iliyo mbali na barabara.