Kuwa na HPV si kuwa na saratani: dhana zinazowapotezea wanawake muda

Mwanamke akipokea majibu yanayosema ana HPV, kirusi ambacho baadhi ya aina zake huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi maswali mawili humjia kwa pamoja: je, nimeshapata saratani? Na ni nani aliyeniletea? Maswali haya yanaeleweka kabisa, lakini yote mawili yamesimama juu ya dhana potofu. Madhara ya dhana hizo ni makubwa, kwa sababu ndizo zinazomfanya mtu akikimbie kipimo ambacho kingemwokoa.

"HPV ni saratani"

HPV ni kirusi cha papiloma, na aina zake zinazojulikana zinazidi 200. Nyingine huleta chunjua za mikononi na nyayoni tu. Kama 40 hivi huambukiza sehemu za siri, na kati ya hizo ni takribani 14 zinazoweza kuleta saratani. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa: karibu asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi hutokana nazo. Masundosundo yanayoota sehemu za siri huletwa zaidi na aina ya 6 na ya 11. Yanaudhi na kumtia mtu aibu, lakini aina hizo si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi.

Hata anayepata aina ya hatari, kwa kawaida kinga ya mwili wake hukidhibiti kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila dawa yoyote. Shida ni pale kirusi kinapogoma kuondoka. Kikikaa muda mrefu katika seli za mlango wa kizazi, hutengeneza protini zinazowazima walinzi wa seli, wale wanaoizuia isigawanyike ovyo. Seli huanza kubadilika polepole. Kutoka hapo hadi saratani, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Naomba msomaji aishike hiyo miaka. Ni saratani chache mno zinazompa mtu muda mrefu hivyo wa kuziwahi, na bado mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 duniani walikufa kwa saratani hii.

"Ni ugonjwa wa wahuni"

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote. Watu wengi waliowahi kufanya ngono hupata HPV wakati fulani wa maisha yao, na wengi wao hawajui kamwe kwamba waliwahi kuwa nayo. Mwenza mmoja tu anatosha. Kirusi huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi ya sehemu za siri, na kwa ngono ya mdomo pia. Kondomu hupunguza hatari na inafaa kutumiwa, ila haifuniki ngozi yote inayogusana, ndiyo maana haizuii maambukizi yote.

Kuhusu swali la nani kamletea nani, kipimo hakina jibu. Maambukizi yanaweza kujificha mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana, kwa hiyo majibu ya leo yanaweza kuwa ya tangu kabla wawili hawajajuana. Inasikitisha mno kuona nyumba ikivunjika kwa karatasi ambayo haina uwezo wa kutaja jina la mtu.

"Sisikii maumivu yoyote, niko salama"

Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa lakini mgonjwa hana anachoficha. Maradhi yenyewe ndiyo yanayojificha. Mabadiliko ya awali ya seli hayaumi, hayatoi damu wala harufu. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi au uchafu ukeni wenye harufu mbaya ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, ila si vitu vya kusubiri ndipo mtu akapime.

Kupima kuko kwa namna tatu. Kipimo cha HPV hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Kipimo cha Pap, kilichopewa jina la daktari Georgios Papanicolaou, hukagua seli kwa hadubini. Namna ya tatu ni kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kitangulie panapowezekana: kuanzia umri wa miaka 30, kwa kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Na kwa wanaoogopa kukaguliwa, kuna jambo ambalo halijatangazwa vya kutosha: sampuli ya kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba au brashi laini.

"Ukishaambiwa unayo, hakuna tiba"

Ni kweli kwamba hakuna dawa inayoua kirusi hiki mwilini. Antibayotiki hazikigusi. Mitishamba inayoingizwa ukeni nayo haikiondoi. Inaweza kuchubua na kuumiza, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inakula muda.

Kinachotibika ni mabadiliko ambayo kirusi kimeyaleta, na yanatibika vizuri sana. Seli zilizobadilika hugandishwa kwa baridi kali, au huunguzwa kwa kifaa cha joto, au sehemu ile hukatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Ni kazi ya dakika chache, kwa kawaida mwanamke hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kizazi chake kinabaki. Anaweza kushika mimba baadaye. Aliyekatwa kwa kitanzi amweleze mkunga au daktari atakapokuwa mjamzito, kwa kuwa uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo. Kisha kuna miadi ya kurudi kupimwa tena, kwa kawaida baada ya mwaka. Miadi hiyo ni sehemu ya tiba, isiachwe.

"Chanjo inafunga kizazi"

Chanjo ya HPV imekuwa ikitumika tangu mwaka 2006. Ndani yake hakuna kirusi, hai wala kilichokufa. Kuna protini tu inayofanana na ganda la nje la kirusi. Bila vinasaba vya HPV haiwezi kuambukiza, wala kuleta saratani. Uchunguzi wa miaka mingi haujaonyesha kwamba inaleta utasa. Kinachoweza kumwondolea mwanamke kizazi ni saratani yenyewe, kwa sababu tiba yake mara nyingi hulazimu kizazi kitolewe.

Wazazi huuliza, mbona wasichana wa miaka 9 hadi 14? Kwa sababu chanjo huzuia, haitibu. Lazima itangulie kirusi. Tena katika umri huo mwili huijibu kwa nguvu zaidi. Haiwafundishi ngono, kama chanjo ya pepopunda isivyomfundisha mtoto kukanyaga misumari. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani limesema dozi moja au mbili zinatosha kwa umri huo, isipokuwa mwenye kinga dhaifu anahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu.

Matunda yameshaonekana. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2020 ulikuta kwamba waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walikuwa na upungufu wa asilimia 88 wa saratani hii. Huko Scotland, ripoti ya mwaka 2024 haikupata hata mgonjwa mmoja miongoni mwa waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13.

"Ni mambo ya wanawake"

Wanaume huambukizwa, huambukiza, na hupata saratani za koo, njia ya haja kubwa na uume. Hakuna kipimo cha kawaida cha kuwachunguza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutowasahau wavulana katika mazungumzo ya chanjo. Chanjo inawafaa.

"Nimechanjwa, sina haja ya kupimwa" na "nimeshazeeka"

Chanjo haizuii kila aina ya hatari, na haiondoi maambukizi yaliyokwishaingia. Aliyechanjwa bado apimwe umri ukifika. Na kukoma hedhi hakumwondoi mtu kwenye foleni: kirusi cha ujanani kinaweza kuwa bado kipo. Baada ya miaka 50, mwanamke huacha kupimwa akishapata majibu mawili mfululizo yasiyo na tatizo. Ambaye hajawahi kupimwa, hata akiwa na wajukuu, bado ana kipimo anachodai.